Shahidi Aliyefunikwa Leso

"Futa."

"Sifuti."

"Rukia, futa hiyo kitu sasa hivi!"

"Kwani wao walifuta ya baba?"

"Wao ni akina nani? Mama yangu ndiye alipiga baba yako picha?"

Rukia alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mutindi, rafiki yake tangu gredi ya kwanza, alisimama hapo kwa geti la akina Rukia na sare ya shule, machozi yanamtoka na hataki kuyapangusa.

Maneno yalianza Jumatatu. Baba yake Rukia, Mzee Idi Nzomo, ndiye mchinjaji wa Kambu. Kwa kichinjio anayeshika kisu ni Mwislamu, ndiyo nyama iliwe na kila mtu, dereva wa lori anayeenda Garissa na pia mwimbaji wa kwaya. Miaka kumi na nane Mzee Idi ameifanya hiyo kazi, na hakuna mtu aliwahi kumwogopa. Halafu kijana mmoja mwenye ukurasa wa habari kwa simu akampiga picha asubuhi: kofia, ndevu, koti lenye damu, kisu mkononi. Mbuzi walikuwa wamesimama nyuma yake, lakini kijana aliwakata wakatoka kwa picha. Chini akaandika: "Huyu ni nani? Wakazi wa Kambu wanaishi kwa hofu."

Watu elfu arobaini wakaiona kabla ya saa sita. Wasiojua Kambu hata iko wapi wakaandika, "Gaidi huyo, ashikwe." Jumanne mwenyekiti wa kichinjio, Mzee Kyule, akaja na kofia mkononi. Akasema Idi akae nyumbani kwanza. Watu wasipotulia kufikia Jumatatu, atatafuta mchinjaji mwingine kutoka Mtito Andei.

Rukia alikasirika mpaka akakosa kula. Jumatano akachukua simu ya mama yake bila kuomba, akajifunga kitenge, akaigiza Mama Kasiva, mama yake Mutindi na dada yake mkubwa Kasiva, akiomba kwa mkutano wa injili. Akapiga kelele, akaanguka, kiatu kikaruka. Akaandika, "Hawa ndio mnafaa kuogopa." Watu wakacheka sana. Alhamisi mwenyewe akaiona.

"Mama amelia," Mutindi alisema. "Wiki hii yote anawapikia uji akiwaletea. Na wewe unamfanya kikaragosi."

Rukia aliangalia simu. Akabonyeza. Video ikatoweka.

"Nimefuta."

"Hiyo ni kwa simu. Kwa mama je?"

Kutoka hapo mpaka kwa akina Mutindi ni hatua mia mbili tu, lakini siku hiyo Rukia aliona ni kama kwenda mjini Wote kwa miguu. Njiani alijitengenezea uongo: atasema ni binamu yake wa Mombasa alituma. Uongo ulikuwa mzuri kabisa, ulikuwa tayari mdomoni.

Mama Kasiva alikuwa anapepeta ndengu. Aliinua macho, akaendelea kupepeta.

"Mama," Rukia alisema, na ule uongo ukakwama. "Ni mimi nilitengeneza ile video. Nisamehe."

"Najua ni wewe. Kiatu ulichorusha ni cha mama yako. Mimi ndiye nilimuuzia." Mama Kasiva aliweka uteo chini. "Nikwambie ukweli? Kiatu kiliporuka, nilicheka. Halafu nikakumbuka siku ile nilikuwa naomba nini. Kasiva alikuwa amelazwa, damu imeisha mwilini. Ulijua hiyo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua. Na baba yako alitoa damu yake siku hiyo. Hiyo ulijua?"

Rukia alitingisha kichwa. Baba yake hakuwahi kuisema.

"Haya, pangusa uso. Kasiva amepona, Jumamosi anaolewa, na nina mbuzi watatu hapo nyuma wanangoja Idi."

"Lakini mwenyekiti amesema..."

"Kyule ni mwenyekiti wa kichinjio, si wa boma langu! Wageni wangu Waislamu wale nini, mchuzi wa maneno? Aiya! Ati wakazi wanaishi kwa hofu! Hii Kambu yote, anayemwogopa Idi ni mbuzi peke yake!"

Rukia ndiye alianza kucheka. Mutindi alijaribu kubaki na hasira, akashindwa. Halafu wote wawili wakaangaliana.

"Mbuzi," Rukia alisema.

"Tumhoji," Mutindi akasema.

Safari hii Rukia aliomba simu. Mama yake alikubali kwa masharti. "Nitaiona kabla haijatoka," alisema. "Neno moja la kuumiza mtu, simu inarudi kwa kabati mpaka uolewe."

Ijumaa baada ya shule, wakaanza kazi nyuma ya nyumba ya Mama Kasiva. Mama Rukia alishika simu. Rukia alivaa koti la baba yake lililomfika magotini, akashika mwiko kama maikrofoni, akakunja uso kama watangazaji wanavyokunja.

"Tuko hapa Kambu, ambapo wakazi wanaishi kwa hofu. Shahidi wetu ameomba tumfunike uso kwa usalama wake."

Mutindi akamsukuma mbele mbuzi aliyefunikwa leso kichwani.

"Unamfahamu huyu mtu anaitwa Idi?"

"Meee."

"Anakuogopesha?"

"Meeeee!"

Mbuzi akavuta ncha ya leso, akaanza kutafuna.

"Watazamaji," Rukia alisema bila kucheka, "shahidi ameanza kula ushahidi."

Akaja Mzee Mbaluka, muuza mbuzi, na fimbo yake. "Idi ni mtu mbaya sana," alisema. "Mwezi wa tatu nilimletea mbuzi anakohoa. Akakataa kumchinja! Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Ati watu wasilishwe mgonjwa. Nilirudi naye nyumbani mguu kwa mguu, yeye anakohoa, mimi natukana."

Mama Kasiva naye akasema, "Huyo mtu aliingia hospitali akamwaga damu. Chupa nzima. Yake mwenyewe, akampa mtoto wangu."

Mama Rukia akajigeuzia simu. "Mimi nimeishi na yeye miaka kumi na sita. Ni hatari kweli. Daktari alimkataza sukari. Anakoroga vijiko vinne akidhani sioni."

Mwisho akatokea Mzee Idi mwenyewe na kisu chake. Alikuwa ameitwa kuangalia mbuzi wa harusi.

"Bwana Idi, hicho kisu ni cha nini?"

"Ni cha harusi ya Kasiva," alisema, uso mkavu. "Wewe kesho utakula pilau ama utakula maswali?"

Walicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Halafu Mutindi akasema, "Ongeza tuseme yule kijana wa ukurasa alilipwa pesa aandike vile. Watu watamkula mzima."

"Alilipwa?"

"Sijui. Lakini watu wataamini."

Rukia alifikiria kidogo tu. "Hata ile ya baba waliamini. Wacha."

Mama Rukia aliiangalia mara mbili, akaipeleka kwa Mama Kasiva naye akaiangalia, ndiyo ikatumwa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa imefika mbali. Watu wa Tawa walikuwa wameituma, wa Wote pia. Wageni walikuja harusini wakiulizia shahidi yuko wapi, na waliambiwa ukweli: shahidi yuko kwa pilau. Wazee wa kanisa walikaa meza moja na madereva wenye kofia, wanapokezana sahani, na Mzee Idi akapewa kiti cha mbele.

Halafu Waislamu wengine wakaidaka, kila mtu na yake. Muuguzi wa Tawa, amevaa hijabu yake nyeupe: "Wagonjwa wangu wanaishi kwa hofu," akainua sindano. Mwalimu wa hesabu kutoka Wote: "Wanafunzi wangu wanaishi kwa hofu, kesho ni mtihani wa sehemu." Fundi wa nguo wa Mombasa: "Mimi ndiye naishi kwa hofu. Niliahidi nguo ya bibi harusi, na harusi ni leo." Kufikia Jumapili mchana huwezi kufungua simu bila kukutana na mtu mmoja hatari akikaanga chapati. Na wale waliosema "ashikwe" sasa walikuwa wanaandika, "Kumbe mchinjaji! Tulidanganywa."

Jumapili jioni kijana akapiga hodi kwa Mzee Idi. Alikuwa Gichuru, anayeuza kava za simu hapo barabarani. Ukurasa ulikuwa wake.

"Mzee, shikamoo. Ni mimi nilipiga ile picha. Sikukuwa na ubaya. Nilitaka tu watu waangalie."

"Waliangalia," Mzee Idi alisema. "Mimi wiki nzima sijaenda kazi."

Gichuru akaonyesha simu. Alikuwa ameweka picha yote, mbuzi wakiwa wamerudi nyuma ya Mzee Idi, na maneno: "Niliikata picha, nikadanganya. Huyu ni mchinjaji wetu. Namwomba msamaha." Mzee Idi aliisoma polepole, halafu akamwita mke wake alete chai. Kabla haijapoa, Mzee Kyule naye akaingia.

"Idi, kesho saa kumi na moja na nusu. Mbuzi ni saba," alisema, akiangalia chini. "Nilifaa kukutetea na sikukutetea. Nilinyamaza kama mwoga."

"Kunywa chai, mwenyekiti," Mzee Idi alisema. "Ya vijiko vinne imekatazwa, mama anaona."

Jumatatu alfajiri Rukia alimsindikiza baba yake mpaka kwa geti, amembebea koti lililofuliwa.

"Baba, tumeshinda."

"Mmeshinda. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ilichekesha."

"Hata ile ya kwanza ilichekesha." Alivaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Ile ya kwanza, ulimpiga mtu ambaye hakukukosea, ukamwonyesha nusu yake tu, vile tu Gichuru alinionyesha mimi nusu. Hii ya pili kila neno lilikuwa kweli, na kila mtu mliyemcheka alikuwa anacheka na nyinyi. Mtu akikuchora vibaya, jichore vizuri, uchore na mbuzi wako wote. Usimchore jirani vibaya."

"Sawa, baba."

"Na hiyo habari ya sukari?"

"Hiyo pia ilikuwa kweli."

Mzee Idi alivuta kofia yake vizuri. Huko chini kwa kichinjio mbuzi mmoja akalia.

"Umesikia? Wakazi wanaishi kwa hofu," alisema. Akapachika kisu chake kwapani, akageuka, akaenda zake.