Marahaba ya Ndivani

Juma la kwanza mkono wa Stefani ulipanda hadi nyuzi tisini. Juma la pili, baada ya mazoezi yote aliyoagizwa, ulikomea sabini na moja, na kipimio cha nyuzi kilikuwa kimelowa.

Eunike alikifuta. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa miaka kumi na minne, sasa katika zahanati ndogo nyuma ya soko la Same, na mabega yaliyoganda aliyafahamu vyema. Bega lililoganda hugota: ukiuinua mkono, hufika mahali ukakataa kama mlango uliokomelewa. Huu haukugota. Ulivutwa. Kila alipouinua, kitu kiliuning'inia na kuurudisha chini taratibu, kwa uzito wa mtoto anayebembea tawini.

"Mzee, umeniachia mkono kabisa?"

"Nimeuachia, mwanangu. Anayekuzuia si mimi."

Stefani alikuwa mzee wa kanisa huko Suji, tena mlinzi wa ndiva, lile bwawa la udongo ambamo maji ya mlimani hukusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu za mashamba. Kwa miaka ishirini mkono wake wa kuume ndio uliochomoa gogo la kizibo. Sasa hakuweza hata kujivika shati. Mkewe, Veneranda, alimvika na kumlisha. Mzee alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mkono ule usinyauke kama ule wa mfalme aliyeunyosha dhidi ya nabii.

Juma la tatu Eunike alimlaza chali. Aliweka kitovu cha kipimio begani, ufito mmoja sambamba na ubavu, wa pili sambamba na mkono, akauinua. Hamsini na mbili. Hapo ndipo harufu ilipoingia, harufu ya tope la chini ya maji na majani yaliyooza, ingawa Same haikuwa imeona mvua kwa miezi minne na upepo wa barabara kuu ulikuwa ukigonga madirisha kwa vumbi jekundu. Na mbele ya macho yake kifundo cha mkono wa mzee kikabonyea, vishimo vinne upande huu na kimoja upande ule, kama udongo mbichi chini ya vidole vya mtoto, na ufito wa plastiki, ambao hakuna aliyeugusa, ukaanza kushuka, uzi baada ya uzi, hadi ukalala ubavuni.

"Mwambie, Baba Ezekiel," Veneranda akamnong'oneza mumewe. "Mwambie ulichoitikia."

Akaeleza, akiwa amefumba macho. Adhuhuri moja tope lilikuwa limeziba tundu la ndiva. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono hadi kwapani, na ndani kitu kikamshika kiganja. Hakuogopa, alidhani ni mwenye zamu ya shamba la chini, anayezibua kwa upande wake. Kisha sauti nyembamba ikapanda kupitia tundu ikimwamkia, naye, kama alivyofunzwa tangu utoto, akasema marahaba. Tangu saa ile hakikumwachia.

Wazee wa Suji walikuwa na sharti: mlinzi wa ndiva haitikii salamu itokayo majini, huuliza kwanza ni mtoto wa nani. Stefani alilijua, akaliita upagani. Ole wetu! Je, Maandiko nayo hayakutuagiza kuzijaribu roho kabla ya kuzipokea? Alilidharau onyo kwa sababu lilitoka katika vinywa asivyoviheshimu, na mwenye kuitikia shikamoo amejifanya mzazi wa aliyeamkia.

Alhamisi iliyofuata Mchungaji Kaleb aliteremka kutoka Suji baada ya kufunga siku tatu. Aliomba kwa muda mrefu, kisha akamwambia mzee aseme mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyepokea.

"Sikukuzaa," Stefani akasema. "Marahaba yangu naiondoa, kwa jina la Yesu Kristo. Niachie."

Kitu kikadondoka kitandani. Nyayo ndogo za maji zikaonekana kwenye sakafu ya saruji, zikielekea mlangoni, kisha zikakauka. Eunike akauinua mkono: mia, mia na hamsini, mia na sabini na nane. Mzee akalia, mkono wake ukiwa juu kama wa Musa kilimani, bila Haruni wala Huri wa kuutegemeza.

Akiondoka, mchungaji alimwonya Eunike: pepo akitoka hutangatanga akitafuta makao, asimwitikie asiyemwona. Eunike alikubali kwa kichwa. Alikuwa akiandika.

Aliendelea kuandika hadi saa kumi, mgongo wake ukielekea pazia la mlangoni. Tangu asubuhi watoto wa wagonjwa walimwamkia, naye aliwaitikia pasipo kuinua uso.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Kalamu ilisimama harufu ya tope ilipomfikia, na kabla hajageuka vidole vya baridi vilikuwa vimemshika kifundo cha mkono wa kuume, kisha vingine juu ya hivyo, na vingine, hadi kwapani, mikono midogo mingi kuliko anayoweza kuwa nayo mtoto mmoja.

Alisema maneno yaleyale ya Stefani. Mchungaji alikesha naye majuma mawili. Uzito haukupungua, kwa maana aliyefukuzwa alirudi na wenzake saba, na Eunike alitoa marahaba moja asijue imepokewa na wangapi.

Sasa kila Alhamisi Stefani huteremka kumpima, kwa ule mkono uliopona. Amejifunza kukiweka kipimio. Tisini. Sabini na moja. Hamsini na mbili. Husoma hesabu hizo huku machozi yakimtoka, kwa kuwa anajua uzito huo ulianzia wapi.

Alhamisi iliyopita ilikuwa thelathini na tatu. Nyuma ya pazia lililotikisika sauti nyembamba ikaamkia. Stefani akauma midomo. Eunike naye hakuitikia. Akauliza swali la wazee alilofunzwa na Stefani, lile ambalo mtu hupaswa kuliuliza kwanza.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Pazia likatulia.

"Wako, mama."