Nyumba Iliyoibwa Mwenyewe Akiwa Ndani

Nyumba ya Mama Mbelu iliibwa yeye mwenyewe akiwa amelala ndani.

Aliamshwa na mngurumo wa tingatinga. Nje walisimama vibarua wenye nyundo, na mbele yao bwana mnene wa miwani ya jua, karatasi mkononi. Inspekta Charlotte Ngoyi wa polisi ya Kolwezi alipofika, mjane huyo alikuwa amekaa kizingitini, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, miguu ameinyoosha kuelekea mashine.

"Mi sitoke," alisema. "Mwambie apite juu yangu. Atanifikisha kwa bwana yangu bila kulipa nauli."

Bwana mnene aliitwa Godefroid, mfanyabiashara wa shaba. Alitaka kubomoa, ajenge ghala.

"Nimelipa, Mama Inspekta. Bikaratasi byote nikonabyo."

"Nani alikuuzia?"

"Mutoto wa marehemu. Anaishi Lubumbashi. Niliona video ya nyumba ku Facebook, tukaandikiana ku WhatsApp."

"Ulimwona?"

"Hapana. Komisionere, ule dalali, njo aliniletea hati."

"Mutoto gani?" Mama Mbelu aliuliza kutoka kizingitini. "Mi na marehemu Ntambwe hatukupata mutoto. Mtaa wote unajua."

Inspekta alikagua hati. Ilikuwa halisi: muhuri, jina la Ntambwe, kila kitu. Kwenye mkataba wa mauzo, sahihi ya muuzaji tu ndiyo ilikuwa ya mtu asiyekuwepo duniani. Hati hiyo ilikaa miaka yote ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha mjane. Kufuli lilikuwa zima. Alama za vidole? Zilijazana juu ya sanduku kama nzi juu ya samaki. Msiba mzima ulikuwa umepita chumbani humo.

Alitoka nje, akamgeukia dereva wa tingatinga. "Zima. Ufunguo nitakaa nao mimi."

Simu ya mkuu wake iliita kabla hajafika kituoni.

"Ngoyi, hayo ni mambo ya ukoo. Mwachie yule bwana nyumba yake."

"Nyumba imeibwa, Shefu."

"Nyumba haiibwi. Ina msingi."

"Basi nipe hadi kesho nikuonyeshe aliyeing'oa."

"Kesho jioni. Kisha unarudisha ule ufunguo."

Komisionere huyo alikuwa kijana aitwaye Mechack. Alikamatwa kwenye mzunguko wa barabara, pale makomisionere wanaposubiri wateja.

"Nani alikupa hati?"

"Mutu wa pikipiki."

"Nani alimtuma?"

"Mwenye namba ile ya WhatsApp. Tuliandikiana tu. Mi nilikula komisheni yangu, nikanyamaza."

Namba hiyo ilikuwa imezimwa, na jina lililoisajili lilikuwa la uongo. Inspekta akafungua video. Sebule ilionekana tupu, pana, imejaa mwanga wa asubuhi.

"Uliipiga wewe?"

Mechack alicheka hadi akajisahau kwamba amefungwa pingu. "Mi? Mi napigaka ukuta na mulango, naandika bei, basi. Hii ni ya mutu wa masomo! Angalia: anaanza ku dirisha. Simu iko ku kiuno, ili dari ionekane mbali. Hakuna mutu, hakuna kiti. Njo mafundisho ya Coach Ariel, ule anafundishaka madalali ku Facebook. Anasema: toa bitu bya mwenye nyumba, mununuzi aweke byake ku mawazo."

"Nani kati yenu amesoma kwake?"

"Hapa? Hakuna. Tunamuchekaka."

Mtaa wote ulimnyooshea kidole Kalombo, mdogo wa marehemu. Kwenye matanga alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji akaidai nyumba. Alikaa mbele ya Inspekta akiwa amekunja mikono.

"Uliitaka nyumba?"

"Niliitaka. Leo tena naitaka. Nilisema mbele ya batu bote. Mwizi anaiba na mikrofoni?"

"Ulijua hati ilipo?"

"Nitajua namna gani? Shiye banaume tulilala inje, chini ya turubai. Mule ndani mulilala bamama na mufiwa. Mwanaume aingie kutafuta nini?"

Inspekta aliacha kuandika. Aliitazama ile video mara nyingine, akachukua koti lake.

Sebule ya Mama Mbelu ilikuwa imejaa pomoni: makochi, kabati la vyombo, meza, televisheni, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu. Inspekta alipita kiubavu.

"Mama, chumba hiki kimewahi kuwa kitupu?"

"Kitupu? Kabati hii iliingia mwaka wa harusi yangu. Haijatoka." Akagusa kona ya kabati. "Ila ku matanga. Tulitoa bitu byote, bamama bapate kulala ku mikeka."

Basi video ilipigwa msibani, na aliyeipiga alikuwa mwanamke.

"Asubuhi, wenzako walipoenda kunawa, nani alibaki ndani?"

Mjane alitazama mahali mikeka ilipokuwa imetandikwa.

"Elise. Binti wa jirani. Alikunjaka mikeka, alinipakaka mafuta ku miguu." Akatikisa kichwa. "Hapana, Mama Inspekta. Yule njo mutoto Mungu alininyima."

"Nani mwingine aliwahi kushika ufunguo wa sanduku?"

Mjane alivuta kitambaa cheusi hadi machoni.

Elise aliletwa kituoni kesho yake mchana, amevaa suti, nywele zimesukwa vizuri. Ndani ya simu yake mlikuwa na masomo yote ya Coach Ariel, na video ya asili, yenye tarehe ya matanga. Mama Mbelu alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye benchi ukutani.

"Video hii ni yako?"

"Inauzisha, si ndiyo?" Elise aliinua kidevu. "Nilienda pale ku mzunguko na masomo yangu yote. Balicheka. Eti mwanamke anauzisha ndizi, hauzishe nyumba! Coach anasema dalali bila nyumba ya kuonyesha hana jina. Nani angenipa nyumba? Nilipiga ile ya kujifunza tu. Nikaiweka. Asubuhi batu banauliza bei, banauliza, banauliza. Banauliza mimi!"

"Ungejibu kwamba haiuzwi."

"Nirudi tena kuchekwa?"

"Ukajifanya mtoto wa marehemu, ukachukua hati."

"Ufunguo alinipa mwenyewe, nimuletee dawa mu sanduku."

"Na Mechack?"

"Nilitafuta uso. Wangu unajulikana. Alinicheka, sasa amenitumikia bila kujua." Alitabasamu.

"Na huyu mama angelala wapi?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. "Bwana amekufa. Yeye ni Mukasai, ukoo wake wa Kasai. Nilifikiri atarudi kwao."

Simu ya mkuu iliita, Inspekta akaipokea. "Mwizi ninaye, Shefu, na maungamo yake. Mauzo ni batili. Godefroid akatafute kiwanja kingine." Akakata.

Mama Mbelu alikuwa amesimama.

"Baba yangu aliletwa hapa kuchimba shaba. Mi nilizaliwa hapa. Wakati wa fujo ya kufukuza batu ba Kasai balitupandisha treni: mwende kwenu. Kule Kasai bakaniuliza, weye ni wa wapi? Nikarudi. Ntambwe alinikuta hapa hapa, nauzisha mahindi, akanioa." Alisogea hadi kwenye meza. "Elise. Kwenu wapi?"

"Hapa. Kolwezi."

"Na mi?"

Elise alimtazama Inspekta, kana kwamba swali hilo halikuwa halali.

"Jibu," alisema Inspekta, kalamu juu ya karatasi. "Tunaandika."

Kidevu kikashuka.

"Hapa, Mama."

"Andika na hiyo," alisema Mama Mbelu. "Herufi kubwa."