Malka Iliyofagiliwa

Kila asubuhi, kabla ya shule, Habona alibeba kikapu cha ndizi mpaka kwenye malka, ile njia ya ng'ombe ya kushukia Mto Tana, iliyopita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Hapo humkuta Hawo, binti wa wafugaji wa Kiorma, na kibuyu cha maziwa. Hubadilishana, na utani haukosi.

"We mla matope, ndizi zako zimedumaa!"

"Na mbavu za ng'ombe wako je? Hata kipofu atazihesabu!"

Leo Hawo alikuwa hajafika. Aliyekuwapo ni Mzee Buya, mjomba wake Habona, mtu wa kanzu na tasbihi, ameshika koleo, anachota mavi ya ng'ombe na kuyatupa mtoni. Mto ule ule wanaokunywa! Wazee wenzake walikuwa wanapanda miche ya migomba juu ya njia.

"Mjomba, mnafanya nini?"

"Shika ufagio, usiulize. Watu wa ofisi ya ardhi wako njiani. Hapa hapapiti ng'ombe, umesikia? Kampuni ya miwa ikipata njia hii, itatuchimbia kisima."

"Na ng'ombe wa kina Hawo watakunywa wapi?"

"Waende mbele. Kwani hawana miguu?"

"Mbele kote si kampuni imeweka seng'enge?"

Mzee Buya alimsukumia ufagio. Habona alifagia, na kilichomchukiza si harufu ya mavi. Juzi tu, msibani, mjomba huyu alikunywa maziwa ya kina Hawo akawaombea dua. Kinyaa gani hiki!

Wageni walifika na bwana wa kampuni, leso puani. "Mnaona? Hapa hapana njia," alisema.

Mama wa ofisi ya ardhi, aliyewaongoza wageni, aliwageukia wazee. "Mifugo hupita hapa?"

"Haipiti!" waliitikia kwa pamoja, bila haya.

Habona alijiuliza afanyeje. Akisema, atachapwa. Akinyamaza, ng'ombe wa rafiki yake watakufa kwa kiu.

"Inapita," alisema. "Kila siku. Mavi tumeyafagia asubuhi hii. Na migomba hiyo imepandwa leo, ng'oeni muone."

Yule mama alivuta mche mmoja, ukatoka bila taabu. Aliwatazama wazee, nao wakatazama chini.

"Hapa hapafungwi," alimwambia bwana wa kampuni. "Njia inabaki."

Wageni walipoondoka, Mzee Buya alifoka, "Mtoto huna adabu!"

"Adabu?" Alikuwa Bibi Dhadho, mama mzazi wa Mzee Buya, aliyekuja na mkongojo kusikiliza. "Wewe uliyewatilia wajukuu wako mavi kwenye maji, ndiye wa kufundisha adabu? Mwee! Ng'oa migomba yako!"

Kisha alimshika Habona mkono. "Umefanya vyema, mjukuu wangu. Sema ukweli hata ukitetemeka. Na ukumbuke hili: mtu akikutuma uzibe njia ya jirani, shamba lako keshalipima."