Niliwafunika Mama na Kaka Blanketi Moja

Nina miaka arobaini na nne. Naishi Mbagala, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba, na kazi yangu ni kuuza tangawizi, malimau na vitunguu saumu. Niliachika nikiwa bado kijana, sikubahatika kupata mtoto, nikarudi kukaa na mama. Kwa hiyo mama alikuwa mama yangu, rafiki yangu, na mgomvi wangu wa kila siku. Sikuwa na mwingine!

Siandiki ili mnihurumie. Huruma nimepewa mpaka imenichosha. Naandika kwa sababu naona watu bado wanakimbia wasiowajua, huku hatari wanaipakulia chakula...

Mnaikumbuka ile miezi ambayo kila marehemu alikuwa amepata "changamoto ya kupumua"? Hakuna aliyetaka kulitamka jina la korona. Spika ya msikiti wetu ilitangaza msiba asubuhi, ikatangaza mwingine mchana, na alasiri ikaanza tena kukwaruza. Nikisikia tu ule mkwaruzo, naacha ninachofanya, nasikiliza ni jina la nani.

Biashara yangu, Mungu anisamehe, ilichangamka. Kila nyumba ilitaka tangawizi na malimau. Soko la Mabibo tulikuwa tunagombania magunia, watu wanapigiana kelele usoni, mate yanaruka. Nilikuwa nazibana pumzi kama mtu anayepita karibu na choo kibovu.

Sikuwa najiogopea mwenyewe. Mama alikuwa na kisukari na presha. Daktari wake wa kliniki alimwambia mbele yangu kwamba ugonjwa huu hauna mchezo na mtu wa kisukari. Neno hilo likaniingia, likakaa. Nikaapa kwamba kwenye nyumba ile hautaingia!

Basi nikawa askari. Niliweka ndoo ya maji yenye bomba mlangoni. Nikitoka sokoni siingii ndani, napita uani, naoga, nguo naziloweka hapo hapo, ndipo namwamkia mama. Mama Rehema, jirani yetu wa miaka mingi, alikuja kuomba kiberiti nikamrushia kupitia dirishani. Alininunia! Waliokuja kumjulia mama hali niliwakomesha barazani, na wengine niliwaambia kalala wakati yuko macho ananikodolea.

Mama alikuwa akinicheka. "Wewe mtoto, kesho utanipulizia na mie dawa ya mbu."

Na jioni tulikuwa tunapiga nyungu, tunajifukiza chini ya blanketi. Nani wakati ule alikuwa hapigi? Nachemsha sufuria kubwa: mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, maganda ya malimau, na tangawizi ya kupondwa. Mama hakupenda kuingia peke yake, giza la blanketi lilimtisha. Kwa hiyo tuliingia wote wawili, kila mtu na kigoda chake, sufuria katikati, magoti yanagusana. Tunavuta mvuke, tunakohoa, tunacheka. Nilijua hapo ndipo mahali salama kuliko pote Dar es Salaam.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kaka yangu.

Tulizaliwa wawili tu, Hamisi na mimi. Yeye ni mkubwa, amesoma, ana kazi ya ofisini mjini, na alikuwa akiishi Mbezi Beach na mkewe, wifi yangu Rukia. Mama alimpenda kupita kiasi. Hamisi akija na kilo mbili za nyama, mama anasimulia mtaa mzima. Mimi niliyekuwa namkanda miguu kila usiku sikuwahi kusimuliwa hata kwa Mama Rehema! Lakini ndivyo mama zetu walivyo, nilishazoea.

Jumamosi moja alasiri Hamisi akatokea, ana begi mkononi. Macho mekundu. Anakohoa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vumbi hilo, mdogo wangu. Hii barabara yenu ya Kilwa wanavyoichimba, utadhani mnakaa machimboni."

Nikamuuliza wifi yuko wapi. Akasema amekwenda Tanga kwa mama yake. Hapo kitu kikanigusa... Rukia hajawahi kusafiri bila kunipigia simu kuniaga. Nilikuwa na swali mdomoni kabisa, nikalimeza. Huyu si mteja, huyu si jirani. Huyu ni kaka! Nikamwambia anawe mikono, akanawa vizuri kwa sabuni, nami nikaona kazi yangu nimeimaliza.

Jioni ile akamwambia mama, "Mama, nifukize na mie, kifua kimenibana." Mama akafurahi huyo! Akanituma majani, akanikosoa maji, akanikosoa moto. Nilipovuta kigoda changu, Hamisi alikuwa ameshakikalia.

Mimi ndiye niliyewafunika. Kwa mikono yangu hii nilizungusha lile blanketi zito, nikachomekea pembe zake chini ya vigoda ili mvuke usitoke hata chembe. Nikasimama pembeni kuwalinda. Humo ndani nilimsikia Hamisi anakohoa, kikohozi kizito, kisha wanaongea kwa sauti ya chini. Mama akapaza sauti, "Mwanaidi, sogea huko, tuache tuzungumze!"

Nikasogea nimenuna. Walikaa muda mrefu mno. Walipotoka macho ya mama yalikuwa yamevimba, akasema ni mvuke.

Tangu siku hiyo mama akabadilika. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, kitanda kimoja. Usiku ule akaniambia nikalale chumba cha mbele.

"Unakoroma," akasema.

"Mie? Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa nakustahi tu."

Kesho yake nikachemsha nyungu kama kawaida, nikataka kuingia naye, akanikatalia. Akaingia na Hamisi. Chakula akala na Hamisi, sinia moja. Uji alimpelekea yeye mwenyewe chumbani, mgongo akamchua yeye mwenyewe. Nikimkaribia ananifukuza, mara niteke maji, mara nikatazame biashara. Niliumia, wasomaji wenzangu! Nililia kwa wivu, mtu mzima mimi. Nikasema kimoyomoyo, kweli mtoto wa kike ni kijakazi, mwenye nyumba karudi.

Baada ya siku kadhaa Hamisi akapata nafuu. Akasema ofisini wanamhitaji, akachukua begi lake akaenda zake. Hata hakumaliza chai.

Siku ile ile aliyoondoka Hamisi, mama alisema mchuzi hauna chumvi. Nikaongeza. Akasema bado. Nikaonja mimi, ulikuwa chumvi tupu! Jioni akanusa tangawizi niliyokuwa napondaponda, akaniuliza nimeitoa wapi, mbona haina harufu. Tangawizi ile ilikuwa kali hadi inanitoa machozi.

Kupotewa na ladha na harufu, dalili hiyo nilishaisikia sokoni...

Asubuhi yake hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika. Midomo ilibadilika rangi. Mama Rehema, yule yule niliyemrushia kiberiti, ndiye aliyetafuta Bajaji na kunisaidia kumbeba. Wengine waliangalia kupitia mapazia. Siwalaumu, niliwafundisha mwenyewe.

Hospitalini wakamchukua mbio, wakamwekea oksijeni, mimi nikabaki nje. Daktari kijana akaja, amejifunika mwili mzima, nikaona macho tu. Akaniuliza maswali. Nikamwambia daktari, mama yangu hajatoka! Hajaenda sokoni, hajaenda msibani, hata shughuli ya harusi ya mpwa wake nilimkataza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama, siulizi alikwenda wapi. Nauliza nani alikuja."

Nikamwambia ni kaka yangu, alikuja anakohoa.

Akaniambia wengi anaowapokea hawakuutoa kwa watu baki. Wameutoa ndani, kwa mtu waliyelala naye chumba kimoja, waliyekula naye sahani moja, waliyemuuguza. Sokoni unapishana na mtu, nyumbani unakaa naye madirisha yamefungwa mpaka asubuhi. Nikamweleza kuhusu nyungu. Akainamisha kichwa. Akasema mvuke hauui kirusi, lakini watu wawili wakijifunika pamoja, mmoja akiwa mgonjwa, basi mwenzake anavuta kile anachokitoa yeye. Akasema hivyo kwa upole, kama anaomba radhi.

Nikatoka nje nikampigia Hamisi. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, ikazimwa.

Jioni ikaingia simu ya Rukia. Sauti imekwisha, anahema.

"Wifi, mama anaendeleaje?"

"Wewe uko Tanga, umejuaje mama anaumwa?"

"Tanga? Wifi, mie niko hapa kitandani. Sijatoka nje tangu nilipopewa majibu."

Akanieleza taratibu, kwa vipande, anapumzika, anaendelea. Alipima, akaambiwa ana korona. Akamwambia mumewe naye akapime, na kwamba wajifungie wote ndani mpaka wapone. Hamisi akaweka jagi la maji mlangoni kwa mkewe, akafunga begi. Rukia alimsihi akiwa kitandani, popote aendako asikanyage kwa mama! Alikuwa hana hata pumzi ya kuongea na simu, jirani ndiye aliyekuwa anamwachia chakula mlangoni. Siku hiyo ndiyo kwanza alipata sauti, akanipigia mimi kumuulizia mama, maana alihofu mumewe amekuja kwetu.

Jamani... kaka yangu alijua! Alimkimbia mkewe akiwa mgonjwa, akauleta ugonjwa kwa mama mwenye kisukari, akanidanganya kwa vumbi la barabara! Nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Nilitamani awe mbele yangu nimrarue kwa kucha.

Siku iliyofuata nesi mmoja alinionea huruma. Akanivika gauni, barakoa na glovu, akaniambia ni dakika chache tu. Mama alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Sikuweza kujizuia, nilimwambia. Nilimwambia kwamba Hamisi alikuja kwetu akijua mkewe ana korona!

Mama akaivuta barakoa ya oksijeni pembeni.

"Aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Siku ile ile... mle ndani. Alikuwa analia, Mwanaidi. Kama mtoto."

"Mbona hukutoka, mama? Mbona hukunambia?"

Akapumzika kwanza. "Ungemfukuza. Ningetokaje nikamwacha mwanangu anatetemeka?" Kisha akaniangalia sana. "Wewe ndiye nilisema usiingie."

Hapo ndipo nikaelewa. Mimi sikoromi! Sijawahi kukoroma. Kile chumba cha mbele, ile kazi ya kuteka maji, yale mafukuzo yote niliyoyalilia kwa wivu... alikuwa ananisogeza mbali. Alijua anachokishika, akakishika mwenyewe ili kisifike kwangu. Nesi akanitoa nje kwa kunishika bega.

Mama akafariki alfajiri.

Makaburini tulikuwa wachache. Hamisi alikuja, kasimama mbele, anapokea pole, na kila anayemuuliza anamjibu, "Presha, ndugu yangu. Presha ilipanda ghafla." Nilivumilia mpaka tuliporudi nyumbani. Nikasimama mbele ya ndugu, nikasema mama hakufa kwa presha. Amekufa kwa korona, na aliyemletea ni huyu! Mjomba akanivuta mkono. Shangazi akasema naichafua familia. Waliokuwa wamekaa mkekani wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakaniacha na birika la chai limejaa.

Hamisi akanifuata uani. Hakukana. Akasema, "Niliogopa, Mwanaidi. Niliogopa kufa peke yangu."

"Na Rukia je?"

Akageuka, akaondoka zake. Na mpaka leo hatuzungumzi. Rukia alipona, kisha akafunga begi lake na yeye, sasa hivi yuko kweli Tanga. Kila sikukuu ya Idi hunipigia, tunaongea weee, na jina la kaka yangu hatulitaji.

Sijamsamehe. Wenye dini wananiambia nisamehe, nawaambia nitajaribu, na sijaribu. Kuna siku namchukia, kuna siku nakumbuka kwamba mama alimsamehe palepale, na siku hizo ndizo mbaya zaidi kwangu. Na usiku mwingine najiuliza, kama ningelitoa lile swali mdomoni pale mlangoni, si ningekuwa bado nagombana na mama kuhusu chumvi?

Wanawake wenzangu wa Mabibo tuliokuwa tunapigiana kelele usoni, nawajua, wapo wazima mpaka leo. Sisemi sokoni hakuambukizi. Nasema niliweka ulinzi wangu wote kwa watu baki, sikubakiza hata kidogo kwa ndugu.

Ndugu zangu, nawasihi. Korona mnasema imeisha, haya, lakini mafua makali yapo, surua ipo, na mengine yatakuja. Akija mtu wako anakohoa, muulize, hata kama ni mkubwa wako, hata kama atakununia. Fungueni madirisha. Mgonjwa apewe chumba chake na sahani yake, na anayemuuguza avae barakoa, na hiyo si dharau. Wazee muwaweke mbali naye, hata wakilia.

Na wewe unayesoma hapa unaumwa, umeshaambiwa majibu, na unawaza kwenda nyumbani kwa mama yako kwa sababu unaogopa... naelewa unaogopa. Piga simu, usiende. Mama yako hatakufukuza, hata ukimwambia ukweli wote. Ndiyo maana inabidi ujizuie wewe mwenyewe.