Mlipuko wa Tisa

Kila adhuhuri, king'ora cha machimbo ya mawe kilipolia, Karani aliacha alichokuwa akifanya akahesabu milipuko kwa vidole. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, fundi baruti, kwa mazoea hayo hayo. Matundu ya baruti yakitegwa manane, milipuko sharti iwe minane. Ikisikika saba, hakuna anayesogea, hata bosi, maana baruti iliyobaki yaweza kulipuka wakati wowote.

Wiki hiyo mwalimu aliwaagiza watunge sentensi tatu kwa neno "mlipuko". Karani alianza na wa baruti, akaongeza wa hasira, maana dada yake hakawii kulipuka daftari lake likiguswa. Wa tatu ulimtia huzuni: mtaani palikuwa na mlipuko wa kipindupindu, na juzi jirani yao mmoja alizikwa.

Ndiyo maana mama, kabla ya kwenda kazini, alimwachia sufuria tatu za maji achemshe. Mbili alizichemsha barabara. Ya tatu, wenzake walipomwita kuruka kamba, aliilipua tu: maji yalipopata uvuguvugu akayamimina ndooni pamoja na mengine, akatoka mbio.

Jioni, kabla yeyote hajayagusa maji hayo, mdogo wake wa miaka miwili alinyoosha kikombe. Baba akachukua kata. Karani aliogopa mno. Akinyamaza, nani angejua? Maji yote ndooni yalikuwa meupe.

"Baba, usimpe," alisema. "Sufuria moja sikuichemsha."

Mama alikuwa karibu kulipuka, lakini baba alimwashiria kwa mkono atulie. Akayarudisha maji yote jikoni, akawasha moto mwenyewe, akamwita Karani akae karibu naye.

"Unajua mjomba wako alifia machimboni," baba alisema. "Siku ile tulitega matundu tisa. Msimamizi alisikia milipuko minane, akaona haya kusema kwamba hana hakika na wa tisa, akaruhusu watu waingie. Mjomba wako ndiye aliyetangulia kuingia."

Karani alilia. Baba alimwacha alie.

"Kazi umeilipua, na kesho hutoki kucheza. Lakini umesema kabla mtu hajaingia. Kosa likisemwa mapema, mwanangu, watu wanapona. Likifichwa, linamngoja asiye na habari."

Maji yalichemka. Karani hakuondoka jikoni mpaka sufuria ya tatu ilipoepuliwa.