Dakika ya Arobaini

Jioni hii nilikwenda kununua balbu.

Ilikuwa ya tatu wiki hii. Mwenye duka, mama mwenye utani asiyeacha mtu apite salama, aliniona kabla sijafika kaunta.

"Bwana Kipimo! Balbu tena? Unazila?"

Hilo ndilo jina langu mtaani. Napima maji maabara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilitaka kucheka. Lakini mama yule hakuwa na mdomo.

Macho yalikuwepo. Kidevu kilikuwepo. Katikati... hapakuwa na kitu. Si giza, si ukungu. Hapakuwa na kitu tu, na sauti ikitoka humo.

Niliangalia saa. Kumi na mbili na dakika nane.

Nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nimekiandika mara sitini na moja. Mke wangu aliugua kipandauso, kile kinachotanguliwa na mwanga. Kwanza kipande cha dunia kinatoweka. Kisha pembeni mwa tundu hilo unatokea mstari unaometameta, wenye meno. Yeye aliuita msumeno. Ulikua taratibu, ukaondoka, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kupasuka. Haukuwahi kupita dakika arobaini.

Daktari alisema kila mgonjwa ana kichocheo chake. Nikasema nitakitafuta. Chuo kikuu nilifundishwa namna: unaondoa kitu kimoja, vingine unaviacha vilevile, unaandika. Nikaondoa kahawa yake. Nikaondoa redio, aliyozoea kuimba nayo akifua. Nikatoa balbu na kuziba madirisha kwa mablanketi. Nikamkataza dada yake kuja, kwa sababu ya marashi. Kila nilipoondoa kitu nilikiandika daftarini, nikakipigia mstari chini kwa rula.

"Sawa, mume wangu," alisema kila mara. Akakaa gizani kwenye kiti chake, mikono mapajani, na mimi mbele yake na saa na penseli.

Mwisho nikaondoa dawa. Vidonge vilikuwa vinaharibu vipimo.

Mimi sikuwahi kuumwa kichwa maishani. Wiki tatu baada ya kumzika ndipo nilipouona msumeno kwa macho yangu. Ulipoondoka nilikuta daftari liko wazi mezani. Chini ya maneno yangu ya mwisho paliandikwa, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto: *Kahawa*. Mstari chini yake. Kopo la kahawa halikuwepo jikoni.

Mara ya pili: *Redio*. Ikanyamaza, na fundi hakuona ubovu.

Mara ya tatu: *Mwanga*.

Nilirudi nyumbani na balbu yangu mkononi. Shemeji, dada wa marehemu mke wangu, alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlangoni, bakuli la chakula magotini. Tangu mazishi alikuwa ananiletea chakula. Leo hakuinuka.

"Ingia ndani, shemeji."

"Siingii. Na sitakuja tena. Nimemwota dada. Ameniambia, usije hapa, unaniharibia vipimo."

Nusu ya uso wake ilikuwa imeshakwenda. Pembeni yake msumeno ulianza kumeta.

"Watu wanasema alirogwa," aliendelea. "Nawaacha waseme. Mchawi angemmaliza siku moja, akapumzika. Hebu nikuulize wewe msomi. Ulipokwenda semina, zile wiki mbili alizokaa kwangu, uliandika nini?"

"Sikuandika. Sikuwepo kumwona."

"Hakuumwa hata siku moja. Alikunywa kahawa yangu asubuhi na jioni. Alilala redio ikiimba. Na marashi ni haya haya." Alininyooshea mkono ninuse. "Ulitoa kila kitu humu ndani, shemeji. Kasoro kimoja."

Aliweka bakuli kwenye ngazi, akaondoka bila kugeuka.

Nilifunga balbu. Ikawaka. Ikalia kidogo...

Ikazimika.

Nilipapasa droo ya vidonge vyake. Tupu.

Nikakaa kwenye kiti cha karibu. Kilikuwa chake.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mafuta yake ya nywele. Kisha penseli. Kwaru... kwaru...

Niligeuza kichwa kushoto. Tundu likageuka nami. Nikageuza kulia. Likageuka nami. Alikuwa humo, mahali pekee nisipoweza kutazama.

"Imeanza saa ngapi?" alinong'ona.

"Kumi na mbili na dakika nane."

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Vizuri."

Siku yake ya mwisho hakuna anayeijua ila mimi. Dakika ya ishirini na tano aliomba dawa. Dakika ya thelathini na tisa alisema mkono wa kushoto umekufa ganzi, nimpeleke hospitali. Nikamwambia, subiri kidogo, haijawahi kupita arobaini. Dakika ya hamsini alishindwa kutamka jina langu. Niliandika hilo pia. Dakika ya tisini na mbili nilifunga daftari.

Sasa ni saa moja na dakika kumi na nane. Mlango niliuacha wazi, taa ya barabarani inafika hadi mezani, naona kuandika. Hatua sita tu hadi nje. Lakini mguu wa kushoto hauniitikii. Simu iko mfuko wa nyuma wa kushoto, nimeikalia, na mkono wa upande huo umelala pajani kama wa mtu mwingine.

Nimemwomba anipeleke hospitali.

"Subiri kidogo," amesema. Hana hasira. Ni sauti ya mtu aliye kazini. "Haijawahi kupita arobaini."

Nusu ya kushoto ya ukurasa huu siioni. Naandika kulia tu.

Huko kushoto penseli imeandika neno moja, fupi. Sasa imenyamaza.

Nasikia rula ikiwekwa juu ya karatasi.