Kurasa Nane za Mwisho

Kila alasiri, akitoka shuleni, Pei-chen alipitia duka la kukodisha vitabu la Shangazi Siu-bi, nyuma ya soko mjini Chiayi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Rafu za duka zilijaa hadithi za kale za mbweha waliojigeuza wanawake, mashujaa wa panga na mapenzi ya kutoa machozi. Yeye alipenda zaidi riwaya za upelelezi, zilizopangwa karibu na dirisha.

Jumatano moja alitakiwa kurudisha riwaya ya mauaji katika kiwanda cha chai. Alikuwa amebakisha kurasa nane. Wen-ling, mwanafunzi mwenzake, alikuwa mlangoni akiisubiri.

"Fanya haraka, kobe we!"

Pei-chen alijibanza nyuma ya rafu. Akikitoa kitabu sasa, hatamjua muuaji mpaka wiki ijayo! Mkono ukatangulia akili. Alizichana zile kurasa, akazikunja na kuzitia ndani ya soksi, kisha akakirudisha kitabu.

Nyumbani alizisoma akiwa amesimama. Muuaji akajulikana, lakini furaha haikuja.

Kesho yake alikuta zogo dukani.

"Nilikikuta hivyo hivyo, Shangazi! Naapa!" Wen-ling alilia.

"Pei-chen anachukua vitabu hapa mwaka wa tatu, hajakunja hata pembe ya ukurasa," alifoka Shangazi Siu-bi. "Wewe juzi tu umeniletea kitabu kina madoa ya mchuzi. Usikanyage tena hapa!"

Wen-ling akamgeukia Pei-chen. "Si umwambie! Uliporudisha kilikuwa kizima?"

Pei-chen aliviangalia viatu vyake. "Sijui," akasema.

Tangu hapo hakutulia. Chakula alikichokonoa tu. Alifungua daftari, akalifunga, aliketi, akainuka.

"Una siafu kwenye kiti?" mama yake alimuuliza.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wanafunzi walimwita Wen-ling "Panya wa Vitabu", naye wakati wa mapumziko alikaa peke yake, ameupa uwanja mgongo.

Jumamosi asubuhi Pei-chen alibisha hodi kwa kina Wen-ling.

"Twende dukani."

"Nimefukuzwa, au umesahau?"

"Twende tu. Tafadhali."

Dukani kulikuwa na wateja wanne. Pei-chen aliweka kurasa nane juu ya meza.

"Ni mimi, Shangazi. Nilizichana mimi. Wen-ling hana kosa."

Wateja wakageuka. Shangazi Siu-bi alizitazama kurasa, kisha akamwinamia Wen-ling.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kwa madoa ya mchuzi."

Akamsogezea Pei-chen gundi. "Zibandike, moja moja. Na mwezi mzima hutachukua kitabu hapa."

"Ndiyo, Shangazi. Wen-ling, nisamehe."

Wen-ling alivuta kigoda, akaketi kumwangalia akibandika. Baadaye akanong'ona, "Ukithubutu kunitajia muuaji, hatutasemezana mpaka tuzeeke."

Shangazi Siu-bi alikipokea kitabu, akakipapasa mgongoni.

"Sikilizeni, wanangu. Humu nina hadithi za kila aina. Katika nyingi, mtu akisingiziwa, mwandishi humtetea kabla ya kurasa kwisha. Huku nje mwandishi hayupo. Anayeujua ukweli ndiye wa kuusema, na auseme mapema."